Waandishi wa vitabu vya watoto waalikwe maktabani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu maktaba zetu.

Juzi mjukuu wangu wa miaka minane aliniuliza: "Bibi, watu wanaoandika vitabu bado wako hai?" Swali hilo limenikaa moyoni. Mtoto huyu anapenda kusoma, ila hajawahi kumwona mwandishi hata mmoja kwa macho yake.

Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1967, na mikoani nako maktaba zipo. Vitabu vya watoto vimo, lakini mara nyingi mtoto anakutana na rafu na ukimya tu.

Waandishi tunao. Waalikwe Jumamosi, wasome kurasa chache, watoto waulize maswali, wachore wahusika, wamalizie hadithi kwa maneno yao. Sisi tulilelewa na "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Na mwandishi alipwe nauli na posho yake, maana hiyo ni kazi.

Nawaomba wakuu wa maktaba waanze Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Mjukuu wangu nitamleta mwenyewe.

Bibi msomaji,
Morogoro