Barua kwa mwanangu: kunguru uliowaacha

Mama,

Salamu kwanza. Huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua kama kawaida, lakini jana alikwenda sokoni mwenyewe, kwa hiyo usitie shaka. Natumaini ulifika Bagamoyo salama na chuo kimeanza vizuri.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatumalizi. Nikianza tu kuzungumzia kazi yako, unaniambia, "Baba, mtandao unakatakata."

Jumapili nilifagia chumba chako nikaikuta ile picha ya kunguru umeigeuzia ukutani. Niliitoa barazani niiangalie kwenye mwanga. Kunguru sita juu ya waya wa umeme, na chini yao yule muuza samaki wa Feri na ndoo yake. Nimeshika brashi miaka zaidi ya thelathini, na sijawahi kuchora mgongo uliochoka kama ule wa muuza samaki wako. Lakini kunguru wa tatu kutoka kushoto, rangi yake imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa, na pembeni kuna alama ya dole gumba. Nikajua tu. Ulipaka nyeusi juu ya buluu mbichi kwa sababu ulikuwa unarekodi video.

Rangi ya mafuta unaijua, nilikufundisha mwenyewe kwenye kile kibaraza. Leo unapaka rangi ya nyuma, unaacha ikauke. Kesho unamweka mnyama, nukta zinangoja keshokutwa. Video inataka hayo yote kwa nusu dakika, tena leo jioni, kabla watu hawajalala.

Dada yako alinifungulia ukurasa wako wa Instagram. Kunguru walipata laiki arobaini na moja. Tembo wa machweo, elfu sita. Hapo nikaelewa kwa nini tangu Januari chumba kizima ni tembo. Nimehesabu tisa, na huyo wa tisa hana hata jicho linaloangalia mahali.

Sasa usidhani nakurushia jiwe. Mimi nimekusomesha kwa twiga. Mtalii alikuwa anakuja Oysterbay anataka Kilimanjaro nyuma, twiga watatu mbele, basi, na nimewachora hao mpaka mkono ukawa unakwenda peke yake huku mimi nasikiliza mpira redioni. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wetu wa uchoraji, alianza karibu mwaka 1968, na vipande vyake vya silingibodi na rangi ya baiskeli, akiuza nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Alichora miaka kama minne tu. Sisi tuliomfuata tumemrudia zaidi ya miaka hamsini, na wengi wetu tulimrudia kwa sababu ndicho kilichonunuliwa. Kwa hiyo kuvutwa mkono na soko hakukuanza na simu yako.

Ila mimi mteja wangu nilimwona uso. Kuna mama mmoja wa Kizungu alishika picha yangu ya daladala muda mrefu, akaiweka chini, akachukua twiga, kisha akageuka tena kuitazama daladala. Hakuinunua. Lakini ule mgeuko wa shingo niliuona, na wiki iliyofuata nikachora daladala nyingine. Arobaini na moja yako haina shingo. Huwezi kujua nani alisita, nani alipitisha kidole akiwa kwenye foleni ya mwendokasi.

Dada yako, na huu ualimu wake wa chekechea, alinisimulia jambo ambalo limenikaa kichwani. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe likichora. Kundi jingine lilichora tu, likashtukizwa na cheti kile kile mwishoni. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili waliwaachia kalamu zile darasani, wakawatazama. Waliokuwa wameahidiwa walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao, na hata picha walizochorea cheti zilionekana hafifu zaidi. Walioshtukizwa hawakupungukiwa chochote. Cheti ni kile kile, mama. Kilichowaharibia ni kukisubiri.

Nilipolisikia hilo nilikukumbuka ukiwa sebuleni, simu umeilaza kifudifudi, unaigeuza, unailaza tena. Chai ikapoa.

Sisemi ufunge ukurasa. Yule mteja wa Nairobi aliyenunua picha mbili asingekufahamu kwa kukaa na mimi barazani. Lakini picha ikauke kwanza, uiweke wiki, uichoke, ndipo uirushe. Na zile namba zifiche. Dada yako anasema tangu 2021 Instagram inaruhusu, hata za kwako mwenyewe usizione chini ya picha. Mimi hizo hatua sizijui, muulize yeye. Tembo endelea kuwauza, ada hailipwi na kunguru. Ila wachore siku za tembo, usije ukaniambia ndiyo picha unazozitaka.

Kunguru wa tatu nimemkwangua kwa wembe mpaka kwenye buluu, nikampiga msasa laini. Wengine sikuwagusa. Ubao nimeuweka juu ya kabati, uso nje. Kopo la nyeusi nimenunua dogo, nimelifunga na nailoni chini ya kifuniko lisifanye ngozi.

Ukija Jumamosi niletee brashi yangu ya nukta. Najua ni wewe uliyeichukua.

Baba yako