Klorini peke yake haitoshi kwa amiba

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, matangazo ya afya hutuhimiza kutia dawa ya klorini katika maji ya kunywa, na dhidi ya kipindupindu ushauri huo ni mwema. Ninachosikitikia ni kwamba hayasemi lolote kuhusu amiba aitwaye Entamoeba histolytica, ambaye akitoka na kinyesi huwa amejifunika ganda gumu linalostahimili kiasi cha klorini tunachotumia majumbani, na huweza kukaa hai majini kwa wiki kadhaa. Mbele ya maji yaliyochemka sawasawa, ganda hilo halifui dafu.

Wengi wanaommeza hawaugui, ila humtoa chooni na kuwaambukiza wengine. Wachache huhara damu, na kwa baadhi yao amiba huyo hupenya hadi kwenye ini na kusababisha jipu linaloweza kuua. Mwaka 1933, mabomba mabovu yaliyochanganya maji taka na maji ya kunywa katika hoteli za Chicago, Marekani, yalizua mlipuko wa ugonjwa wa amiba uliowaua watu wapatao 98. Sisi wa Temeke tunaochimba kisima hatua chache kutoka shimo la choo (nami ni mmoja wao, sijitoi) tunajiamini kwa lipi?

Naiomba halmashauri ipime visima vya mitaani kabla ya mvua, na matangazo yataje bayana kuchemsha maji, ingawa najua mkaa umepanda bei.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam