Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: na tanuru za Kagera zihesabiwe

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kwa heshima zote ila uvumilivu umeniishia. Jumamosi iliyopita wameangusha mkuyu uliokuwa juu ya chemchemi yetu huku Muleba, ukakatwa magogo ukaingizwa kwenye tanuru la tofali, siku tatu usiku na mchana moshi unaingia ndani kwangu, mtoto wangu wa mwisho anakohoa mpaka anatapika. Wachoma tofali siwalaumu, mimi mwenyewe ni fundi na nyumba ninayolala ni ya tofali hizohizo, maana mfuko wa simenti ukitoka Dar unapanda lori zaidi ya kilomita 1,300 na ukifika huku mtu wa kawaida haugusi.

Mwaka jana ulisimama mbele yetu ukasema hewa ukaa ya ujenzi, ile gesi ya moshi inayopasha dunia joto, itapimwa mkoa kwa mkoa. Tukapiga makofi. Mpaka leo hajaja hata mtu mmoja.

Hesabu ninazosikia zikitajwa ni za viwanda tu. Ni kweli simenti ina mzigo wake, klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa simenti, inapikwa kwa joto la nyuzi kama 1,450 na lile jiwe la chokaa likiungua linatoa hewa ukaa lenyewe, hata moto ungekuwa wa aina gani. Lakini viwanda viko Dar, Tanga, Mbeya, Mtwara, kwa hiyo mkoa wenye kiwanda unaandikiwa moshi wote na sisi tunaoletewa mfuko tunaonekana wasafi, dizeli ya lori sijui anaandikiwa nani, na kuni za tanuru nadhani haziandikwi popote kwa sababu hazina risiti!

Nchi imeahidi kupunguza gesijoto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto, asilimia 30 mpaka 35 ifikapo 2030. Asilimia ya nini Mheshimiwa, kama tanuru hazijahesabiwa? Dodoma wanajenga kwa bloku na nondo, huku tunachoma udongo kwa miti, dawa haiwezi kuwa moja. Huku pengine ni mashine za tofali za kufungamana, zile za udongo na simenti kidogo zisizochomwa, serikali yenyewe inazijua miaka mingi, tuleteeni sisi mafundi tutajenga nazo. Ila kwanza pimeni.

Hela siombi. Naomba mtu mmoja tu, aje na daftari ahesabu tanuru na kuni zinazoingia, ulisema mkoa kwa mkoa, basi na sisi ni mkoa. Aje mapema Mheshimiwa, chemchemi ya pili ina mkuyu mmoja umebaki na jana nimekuta umeshapigwa alama ya panga.