Barua kwa Bwambale aliyeko Hoima

Kilembe, Kasese
Juni 2024

Ndugu yangu Bwambale,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua, na amenituma nikuulize utakuja lini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mabadiliko ya tabianchi ni hadithi waliyotunga Wazungu ili mafuta yetu yabaki ardhini. Najua unachokilinda. Hilo bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga ndilo linalowalipia watoto wako karo. Na hasira yako ninayo mimi pia. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikemea bomba letu, na mwaka huohuo Ujerumani ikawasha upya mitambo yake ya makaa ya mawe. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi kwamba ifikapo 2020 nchi maskini zitakuwa zinapata dola bilioni 100 kila mwaka. Mwaka ukafika, fedha hazikutimia. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia, halafu sisi ndio wa kuhubiriwa! Hapo sikupingi hata neno moja.

Lakini unafiki wao haurudishi theluji ya mlima wetu wa Rwenzori, Bwambale.

Mimi nilibeba mizigo ya watalii miaka mingi, wewe unajua. Pale juu ya kambi ya Elena tulipokuwa tukifunga viatu vya meno ya chuma, leo ni mwamba mtupu. Mwaka 1906 Mwitaliano yule, Duke wa Abruzzi, alipopanda, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu, jumla kama kilomita mraba sita na nusu. Kufikia 2003 haikufika hata moja. Picha alizopiga Vittorio Sella katika safari ile zipo hadi leo. Sasa niambie, hao walikuwa wanazuia mafuta gani? Mafuta ya Ziwa Albert yalithibitishwa kuwa ya kuchimbika kibiashara mwaka 2006, miaka 100 baadaye.

Unasema wanasayansi wenyewe hawapatani. Kweli, walibishana hata juu ya mlima wetu: wengine wakisema barafu inaliwa na joto, wengine wakisema hewa imekauka na mawingu yamepungua. Nilipoelezwa hayo nilizidi kuwaamini, maana waongo waliokula njama hawapingani hadharani. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyesema barafu haijapungua. Kwamba hewa ya ukaa inashika joto, mwanasayansi John Tyndall alilipima mwaka 1859, kabla baba wa babu zetu hawajasikia neno petroli.

La ziwa nakukubalia, kwamba kufurika kwake si jambo jipya. Ziwa Victoria lilifurika mwaka 1964, na Mei 2020 likapita kipimo kile pale Jinja kwa sentimita moja tu, kwa hiyo mimi sitalitumia kama ushahidi. Hata mafuriko yetu ya mto Nyamwamba, Mei hiyohiyo ya 2020, siyapeleki yote kwa tabianchi. Tumejenga hadi kwenye kingo, miti tumekata, mawe yamejaa mtoni. Wakubwa walipokuja hapa, wakasimama juu ya matope na kusema "ni tabianchi", niliumia, kwa sababu mawe yale yangeweza kuondolewa mapema. Walipata neno la kufichia uzembe. Hilo lichukie nami nitakuunga mkono, ila usilichukie pamoja na vipimo.

Wazee wetu waliuita mlima huu kwa jina la theluji. Wajukuu wetu nitawaonyesha nini?

Njoo Januari, mvua ikiwa imepungua, tupande wote hadi Elena. Nitakuonyesha kwa kidole barafu ilipokuwa ikiishia nilipoanza kazi, kisha tutembee hadi inapoanza sasa, uhesabu hatua mwenyewe. Gambuti usisahau, matope ni yaleyale.

Wako,
Baluku