Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na uanachama haujabadilika sana. Langu leo ni daftari la vielelezo.

Mwaka huu tumepitia, sanduku kwa sanduku, amonaiti za pwani ya kusini tulizozihifadhi hapa Dar es Salaam, yaani visukuku vya wanyama wa baharini waliotoweka, wenye ganda la kuzunguka lililogawanyika vyumba. Nyingine zinapendeza mno, lakini kibandiko kinasema "Lindi", basi. Jiwe la namna hiyo haliwezi kutupa umri wa tabaka lolote, na hilo linaniuma.

Amonaiti zina thamani kwa sababu spishi zake zilibadilika upesi na kuenea mbali baharini. Katika miamba ya Kretasia (kipindi cha mwisho cha enzi ya dinosaria) ya magharibi mwa Marekani, zoni moja, yaani matabaka yanayotambulishwa na spishi fulani, huchukua takriban nusu milioni ya miaka, na majivu ya volkano yaliyolala katikati ya matabaka yamepimwa umri kwa argoni. Mwanzo wa Turonia, sehemu mojawapo ya Kretasia, miaka milioni 93.9 hivi iliyopita, umewekwa Pueblo, Colorado, pale amonaiti Watinoceras devonense inapotokea kwa mara ya kwanza. Mpaka wa aina hiyo hukaa ndani ya tabaka moja jembamba. Ukikosea nusu mita, umeuvuka.

Kwa hiyo, kabla ya nyundo, piga picha yenye rula. Pima kwa sentimita kutoka tabaka linalotambulika, chora kwenye jiwe mshale unaoonyesha juu, kisha andika namba ileile jiweni na daftarini. Kilichookotwa chini ya mteremko kiandikwe "okota" na kisiingie kwenye chati, maana huenda kimeporomoka kutoka tabaka changa zaidi la juu. Hatari nyingine ni kisukuku kilichomomonyolewa kutoka mwamba wa kale na kuzikwa upya: kingo zimesagika, na tope lililo ndani halifanani na la nje. Hicho hulizeesha tabaka.

Kwenye utambuzi, wengi wameteleza kwenye mshono, yaani mstari pale kuta za vyumba zilipogusa ganda. Huonekana ganda likibanduka. Chumba cha mwisho, alimoishi mnyama, hakina mishono, hivyo kipande chake pekee kisomwe kwa mbavu na vinundu. Msisafishe kwa siki: chokaa huyeyuka na mshono hupotea. Tumieni maji na brashi laini. Mkikuta ganda kubwa na dogo yanayofanana katika tabaka moja, msikimbilie majina mawili. Huenda ni jike na dume.

Umri usikae juu ya spishi moja, kwani maganda matupu yaliweza kuelea mbali. Tafuteni spishi mbili au tatu ambazo vipindi vyao vya kuishi vinaingiliana. Amonaiti zikikosekana, chukueni tope gumu kwa ajili ya foraminifera, yaani viumbe vidogo sana vya baharini vyenye maganda, ambavyo ndivyo vilivyosaidia kupanga umri wa visima vya utafiti vya Kilwa na Lindi.

Napendekeza mkutano upitishe kwamba kielelezo kisicho na kipimo cha tabaka kiende sanduku la mafunzo, kisipewe namba ya daftari.