Barua kwa Rehema: chembe za majani zinazong'aa

Rehema mambo, pole na zamu za usiku. Ile uliyoniuliza, eti hizi chembe zetu za majani, tunazotaka ziwake mwilini ili daktari aone ndani, zitakuja kuwaondolea kazi nyie watu wa eksirei, kwa simu hatukuimaliza ndo maana nakuandikia.

Haziwaondoi. Mwanga haupenyi mwili kama eksirei, damu na nyama vinaumeza njiani, na wa bluu ndo hauendi popote. Sasa hizi chembe zenyewe, tunaziita doti za kaboni maana ni vipunje vidogo mno vya kaboni, nyingi za mimea zinatoa bluu, yani unafungia majani na maji kwenye chombo cha chuma, unapika nyuzi 180 hivi masaa kadhaa, unachuja, ukimulika na taa ya UV, ile miale isiyoonekana kwa macho, maji yanawaka bluu kila mtu anapiga picha. Mwaka 2012 kuna wenzetu India walifanya hivyo hivyo kwa juisi ya machungwa. Inapendeza sana, ila nyama ya mwili nayo ukiimulika na UV inatoa bluu yake, utatofautishaje?

Mi natafuta nyekundu, mwanga wenye mawimbi ya urefu kati ya nanomita 650 na 900 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hapo damu haimezi sana. Majani mabichi ukiyaloweka kwenye ethanoli badala ya maji unaipata, shida klorofili yenyewe, ile rangi ya kijani ya jani, inang'aa nyekundu, kwa hiyo lazima uhakikishe ni doti na sio mabaki ya jani. Hapo tunaweka kwenye dayalisisi, yani kuchuja kwa utando wenye vitundu vidogo sana, kanuni ile ile ya wagonjwa wenu wa figo, vidogo vinatoka doti zinabaki, na bado nakuta ripoti za watu zimeruka hiyo hatua inaniuma kweli.

Tunahangaika kwa sababu zile kwantamu doti zilizopata Nobel 2023, chembe ndogo zinazong'aa kama zetu ila si za kaboni, nyingi zina kadmiamu, metali yenye sumu. Kaboni ina nafuu, na chembe ikiwa chini ya nanomita 6 hivi figo inaweza kuitoa kwa mkojo. Ila usimwambie mgonjwa ni salama kisa ni ya mmea, sumu ngapi ni za mmea! Bado tuko kwenye seli na panya.

Nachotamani mimi ni upasuaji, daktari aone kansa inaishia wapi kabla hajakata. Rangi ya ICG, inayodungwa kwenye damu na kung'aa kwa infraredi, mwanga uliopita nyekundu usioonekana kwa macho, imeruhusiwa Marekani tangu 1959 na inatumika theatre, ila inafifia upesi. Hebu niulizie hapo kwenu kama kamera ya laparoskopi, ile inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo, inasoma infraredi, kama inasoma nakuja kuiona.