Mwavita, mbele ya kulipa ile minervali

Lubumbashi, siku ya posho, jioni

Mwavita mwenzangu,

Jambo yako. Mesaji yako nilisoma tangu ile juma, nikasema nitajibu kesho, kesho, tukaingia mu egzame njo nikapotea kabisa, unisamehe. Ndakala zilifika muzuri, mama alizipika tukakula na bukari mpaka sufuria ikalia. Umuambie mama yako aksanti sana.

Sasa tuje ku maneno yenyewe. Unaniuliza kati ya zile shule tatu za komersi ulizoandika, ningekuwa weye ningechukua gani, na baba mukubwa naye anasema atalipa paka ukiingia ile ya vioo, yenye banafunzi banavaa kostime na kravate kila siku ya kwanza. Mwavita, mie nilianzia fasi ya namna ile. Jina siandike, unaijua. Nilipiga kafoto pa ngazi na kostime ya kuazima, wee ulinijibu na mioyo kumi, unakumbuka? Ile foto njo kitu ya muzuri nilitosha kule.

Ju baprofesa karibu bote balikuwa bavisiteri. Mutu anashuka ndege siku ya kwanza, anatufundisha asubui mpaka mangaribi, kosi ya masaa 45 inaisha mu siku tano, siku ya sita egzame, siku ya saba iko airport na valizi yake. Kichwa inabaki na nini? Halafu tunakaa wiki tatu bila kosi, tunacheza karata pa auditware. Mwaka yetu ya kwanza ilichukua miezi 16, nilihesabu na vidole, na baba analipa nyumba ya kupanga miezi yote 16, hiyo hakuna mwenye kuiandika pa ile karatasi ya bei.

Lakini kitu yenye ilinipatisha haya ni ya Kasumbalesa. Nilipata staji kwa ajansi moja ya badeklara (bale banapitisha bintu ya batu ku dwane), pale pa mupaka, makamyoni zimejipanga mpaka macho inachoka. Siku ya pili chef ananipa bordero ya banki, anasema andika hii mu jurnali. Nikaandika akaunti 56, mie mwenyewe najisikia mukubwa. Akaangalia, akacheka, akaita benzake batatu baje kuangalia. « Mama, hii uliitosha wapi, kwa babu yako? » Banki ni 52, Mwavita. Ile 56 ni ya plan ya kontabilite (liste ya namba za akaunti) ya zamani, ya 1976, wakati wa Mobutu, na Kongo iliingia OHADA, ile umoja ya inchi za Afrika zenye kufuata sheria moja ya biashara na kontabilite, tangu 2012! Silabusi yangu ilikuwa fotokopi ya fotokopi, profesa alibadilisha paka date pa kava, na usiponunua silabusi unajua pwe yako ya egzame itaenda wapi.

Njo ile minakuambia: usiulize nani iko na jengo. Fika pale siku ya kazi, siyo siku ya sherehe ya kupokea banafunzi bapya, ukae na mwanafunzi wa mwaka ya pili, umulipie fanta, umuombe silabusi yake ya kontabilite. Fungua klasi ya 5, ile ya franga. Ukiona banki iko 56, funga, rudisha, sema aksanti, toka. Haiombe akili mingi. Na ukiona 52, muulize tena bale benye baliingia naye wote banafika mu mwaka gani sasa, ju kuna fasi mutu anakuambia « miye niko mwaka ya pili » na aliingia myaka ine imepita.

Baba mukubwa lazima atakusumbua na ile lisansi ya myaka 3. Wakati yake walifanya gradua 3, kisha lisansi 2, jumla 5, kwa hiyo atasema banakuuzia lisansi ya nusu. Umuelezee polepole, ju iko mutu ya hasira: ni LMD (lisansi, masta, doktora), tulianza nayo mu mwaka ya masomo 2021-2022, lisansi ni krediti 180, yaani 60 kila mwaka, kisha masta myaka 2, na myaka inabaki paka ile 5 yake. Akikataa, umuache, atakubali siku ya kupiga foto.

Ku ISC, ile Institi ya Komersi, ao ku Fakulte ya Ekonomi ya UNILU, univerisite ya hapa Lubumbashi? Hapa siwezi kukuchagulia, lakini minakujua. Ekonomi banakula hesabu na takwimu na teori za mukubwa mukubwa, Leta inafanya nini, bei inapanda ju ya nini. Wee ulifanya bioshimi, hesabu haikuogopeshe, unaweza. ISC ni mukono: kontabilite, fiskalite, marketingi, dwane. Mie niliyefanya Komersiale ku sekondari, mwaka ya kwanza ya kontabilite ilikuwa kurudilia. Weye utaanza pa sifuri, debi na kredi utaziona kama kichina mpaka Noeli, kwa hiyo tafuta fasi yenye iko na TP (mazoezi ya mukono) na asistanti mwenye unamukuta pa shule, siyo paka ku telefone.

Na ile mawazo ya kwenda kusomea Ndola ju ya kingereza, iko na maana, ku mamine hapa bila kingereza unabaki pa mulango. Lakini jua kule Zambia haiko mu OHADA, utarudi na kingereza muzuri na utajifunza akaunti upya. Mie ningesoma hapa, kingereza nijifunze mangaribi. Njo ile nafanya, siku ya pili na ya ine, Kamalondo, tuko darasa moja na baba moja ya myaka 60 anasema anataka kugombana na bajukuu bake ba Lusaka mu luga yabo.

Mambo ya agreman (ruhusa ya Leta kwa shule) usisahau: omba kuona arete, ile karatasi ya Ministeri, kwa macho, siyo kwa mudomo.

Njia ya kutoka kwenu, ya Kabalo na Kamina, iko ndefu, usije na valizi mbili. Kitanda iko, hapa kwetu Katuba, utalala na mie, mama amekubali tayari. Kuja mbele ya inskripsio, tuzunguke zote tatu kwa miguu, na ile ya vioo tutaingia pia, minataka kuona kama ile kostime bangali banaiazimisha.

Beba ndakala.

Ni mie, Zaina